Sharti Nililolipendekeza Mwenyewe

Jumapili, 3 Machi
Ushindi! Kikao cha baada ya ibada kimepitisha sharti langu. Kuanzia sasa hakuna kuingia wala kubaki kwenye timu ya wakaribishaji bila cheti cha ubatizo wa maji mengi. Mchungaji aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia mlango wa kanisa si wa kuchezewa. Makofi!

Namlenga mtu mmoja tu, Fundi Cherehani. Kahamia juzijuzi, kajitolea juzijuzi, na tayari wageni wananipita mimi, mwenyekiti wa timu, miaka kumi na moja pale mlangoni na beji kifuani, wanakwenda kusalimiana naye. Eti ana tabasamu. Minong'ono inasema achukue nafasi yangu. Thubutu! Cheti atakitoa wapi? Vyote vinakaguliwa Jumapili ijayo.

Jumatatu, 4 Machi
Mungu wangu. Hata mimi sina!

Sina kwa sababu sijabatizwa. Mke wangu alipobatizwa, nilisema mimi nilishabatizwa ujanani, huko tulikotoka. Uongo mtupu. Naogopa maji, basi. Nilitumbukia kwenye pipa la bibi nikiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo naoga kwa kopo na uso naupangusa kwa kitambaa. Ule uongo nimeusema mpaka nikausadiki.

Wakijua, beji kwaheri. Mke wangu akijua, sijui. Kaniuliza mbona silali. Nimesema baridi. Hakuna baridi.

Jumanne, 5 Machi
Fundi Cherehani kaja dukani kwangu, hapa ninapotoa nakala na kuvalisha vyeti nailoni. Kaja kushukuru! Anasema cheti chake cha ubatizo nilikivalisha vizuri sana mwezi uliopita. Mimi! Kwa mikono yangu! Bila kusoma hata mstari!

Akauliza changu ni cha mwaka gani. Nikamwambia nasikia harufu ya waya kuungua, nikaingia chini ya meza. Nilikaa huko mpaka akaondoka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimetenda dhambi na sikuitenda vizuri.

Nilichukua cheti cha mke wangu kwenye sanduku, nikabandika jina langu juu ya lake kwa gundi, nikatoa nakala. Safi kabisa. Hapo hapo akaingia katibu wa kanisa na ratiba yake ya ibada. Nakala nikaichomeka ndani ya shati. Yeye ni mwenyeji, hasubiri kuhudumiwa, akafunua mfuniko wa mashine mwenyewe.

Cheti bado kilikuwa kwenye kioo. Jina langu limeshaanza kubanduka, la mke wangu linachungulia.

Nilisema ni cha mteja. Akasema basi huyo mteja ana jina langu. Nikakaa kwenye boksi la karatasi. Hakufoka. Alisema birika la ubatizo nyuma ya kanisa linajazwa kesho, niende kwa mchungaji, na yeye hatasema neno, ila mke wangu nimwambie mwenyewe. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwona mchungaji. Nimeomba iwe siri, kesho saa kumi na mbili asubuhi, bila watu. Kakubali. Kwa vile mgongo wake mbovu, atatafuta mtu wa kunishika majini. Nimeuliza maji yanafika wapi. Kifuani. Nimeuliza kifua cha nani.

Mke wangu sijamwambia. Nimefungua mdomo mara tatu. Mara zote nimeomba chumvi.

Jumamosi, 9 Machi
Nilimwambia mke wangu nakwenda kusafisha birika. Nafika, nani amesimama majini na tabasamu lake? Fundi Cherehani!

Nilitaka kukimbia. Nageuka, mke wangu huyu hapa nyuma yangu na taulo. Kasema amejua miaka yote, mtu gani mzima ananawa kwa kitambaa, tena nani anasafisha birika lililojazwa jana. Alikuwa anasubiri niseme mwenyewe. Nikalia, sioni aibu kuandika.

Nikashuka. Maji baridi, sakafu inateleza. Fundi akasema kaka, nimekushika, usiogope. Niliogopa. Mchungaji akaomba akiwa ukingoni, na Fundi aliponiinamisha nilipiga ukelele, nikamkumbatia Fundi shingoni, nikagoma kuachia. Tukazama wote wawili. Yule bwana kabatizwa mara ya pili kwa ajili yangu, na alipoibuka alikuwa bado amenishika.

Jumapili, 10 Machi
Vyeti vimesomwa mbele ya kanisa zima, tarehe zote. Changu kikaja mwisho. Cha jana.

Mama mmoja kwenye kwaya akaanza kucheka, na kanisa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Timu ikapiga kura pale pale. Mwenyekiti mpya ni Fundi Cherehani. Nikavua beji. Fundi akasimama, akasema uenyekiti anaupokea kwa sharti moja, mimi niwe msaidizi wake, maana hakuna aujuaye ule mlango kama mimi. Nyumbani mke wangu kasema huyo ni ndugu, nimshike.

Jumatatu, 11 Machi
Ni ndugu kweli. Ila nimegundua jambo. Fundi anavaa miwani! Mwenyekiti wa wakaribishaji anayeshindwa kumwona mgeni kwa macho yake mwenyewe? Nimeandika pendekezo: kila kiongozi wa timu asome orodha ya wageni mbele ya kanisa, bila miwani. Nimelichapa asubuhi hii, nakala thelathini.

Nimemwomba mteja anisomee kama limekaa sawa, maana herufi za mashine hii siku hizi zinatoka ndogo mno.