Taya la Akiba

Kwa furaha isiyo na mfano, wasomi na wananchi wote walitangaziwa kwamba tatizo la uhaba wa mifupa katika vyuo saba vya afya limekwisha kabisa. Tangazo lilikuwa na mihuri minne, na lilibandikwa kwenye mlango wa maabara ya Chuo cha Tatu asubuhi, kabla mwenye funguo hajafika.

Mwenye funguo alikuwa mtunza maabara, mama wa miaka hamsini na kitu. Wanafunzi walimwita Mama Mifupa, mbele yake na nyuma yake, naye hakununa. Alivaa miwani akasoma tangazo mara mbili, kisha akaingia ndani kuangalia kama kiunzi chake bado kipo. Kilikuwepo, pembeni mwa sinki, kimening'inia kwenye chuma chenye magurudumu, mifupa yote mia mbili na sita. Alikuwa amekifuta vumbi kwa miaka ishirini na mmoja. Wanafunzi walikiita Mwalimu Mkimya, na ndiye mwalimu pekee chuoni ambaye hakuwahi kukosa kipindi.

Vyuo vingine sita havikuwa na kiunzi. Sasa, tangazo lilieleza, vyote saba vimeungana, na kila kimoja kimeleta rasilimali yake itumike kwa pamoja. Chuo cha Pili kilileta darubini isiyo na lenzi. Chuo cha Tano kilileta gari la wagonjwa, ambalo lilikuwa gereji. Chuo cha Saba kilileta moyo wa kushirikiana. Chuo cha Tatu kilileta kiunzi.

Saa nne akaingia Mwenyekiti wa Muungano, mtu mnene wa sauti, akifuatwa na Katibu mwenye daftari na fundi mwenye koleo.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Mama Mifupa. "Hilo koleo la nini?"

"Marahaba, mama. La ushirikiano."

"Si kingezunguka tu? Wiki huku, wiki kule?"

"Kikizunguka, chuo kimoja kitakuwa na mifupa yote na sita havina hata mmoja. Huo ni upendeleo. Sisi tunagawa. Kidole kimoja hakivunji chawa, mama."

"Na mguu mmoja unatembea?"

"Andika hilo swali," Mwenyekiti alimwambia Katibu, na Katibu akaandika. Linasubiri jibu mpaka leo.

Hesabu haina ndugu. Mia mbili na sita kwa saba ni ishirini na tisa kwa kila chuo, na inabaki mitatu. Chuo cha Tatu kilipata mkono wa kushoto kuanzia kiwiko kushuka, mifupa ishirini na tisa kamili pamoja na vidole. Ile mitatu ilikuwa mfupa wa kidari, kifupa cha ndani ya sikio ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na taya la chini. Ikachukuliwa na Sekretarieti ya Muungano iwe akiba ya dharura. Kabla wiki haijaisha, taya lilikuwa juu ya meza ya Mwenyekiti, likizuia karatasi zisipeperushwe na feni.

Mama Mifupa angeyameza hayo kama alivyoyameza mengine. Lakini chuoni hapo alikuwepo mtoto wa dada yake. Binti huyo alianguka mtihani wa vitendo mwaka uliopita, na kanuni ni kwamba akianguka mara ya pili anafutwa. Kule nyumbani mama yake alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba bintiye ni daktari, na wengine walikuwa wameanza kumletea vipele vyao avitazame.

"Mama Mdogo, mtahini akiniuliza paja?"

"Utamjibu."

"Nililiona mara ya mwisho mwaka jana. Mwaka huu mzima darasa zima tumesoma mkono wa kushoto. Hata wa kulia tunaukisia."

Mama Mifupa hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Akaandika barua: mifupa ikusanywe kwa wiki mbili tu, kabla ya mtihani. Akaipeleka mwenyewe Sekretarieti, akarudi kuulizia mara tatu. Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni alizijua kama mtu anavyojua njia ya kwao.

"Barua yako ni nzuri, mama. Ila lazima isomwe kikaoni. Na kwa mujibu wa kanuni ya nne, kikao si kikao mpaka Mwenyekiti akifungue kwa kinywa chake. Ishara, maandishi na kukohoa havikubaliwi."

"Kukohoa tena?"

"Kuna siku alikohoa, wajumbe wakapitisha safari."

"Basi si akifungue?"

"Ana ratiba."

Mlango wa Mwenyekiti ulikuwa wazi. Mama Mifupa aliiona barua yake juu ya meza, na juu ya barua limekaa taya. Alilijua lile taya. Ndiye aliyelifunga springi mpya mara tisa kila wanafunzi walipolichezea likachomoka. Akaaga kwa adabu akaondoka.

Zikiwa zimebaki siku kumi mtihani ufanyike, ikafika Siku ya Mafanikio ya Muungano, katika ukumbi wa Chuo cha Tatu. Kila chuo kilipanga fungu lake la mifupa mezani, juu ya kitambaa cheupe. Chuo cha Saba kilileta uti wa mgongo na mbavu tatu, na wanafunzi wake walisimama wima kuliko wote. Meza ya Sekretarieti ilikuwa na kidari, kisahani kitupu cha kifupa cha sikio, na taya likizuia hotuba.

Hotuba ilianza saa tatu. Saa sita Mwenyekiti alikuwa kwenye utangulizi. Alipofika "matumizi ya pamoja, jumuishi na endelevu," alipiga mwayo. Ilikuwa hotuba yake mwenyewe, lakini mwili hauna nidhamu. Kikasikika kitu kikilia *ko*, na mdomo ukabaki wazi.

Ukumbi ulidhani amefika mwisho, ukapiga makofi.

"Aaa," alisema Mwenyekiti, machozi yakimtoka.

Katibu aliliita gari la wagonjwa, lilikuwa gereji. Akaita wanafunzi, maana walikuwepo mia tatu, wote wa afya.

"Sisi ni mguu wa kulia," walisema Chuo cha Kwanza.

"Sisi mgongo. Akitaka tunaweza kumweka sawa alivyoketi."

"Taya halina chuo," mmoja alikumbusha. "Ni la akiba."

"Nipeni nafasi," alisema Mama Mifupa akivuka viti. "Taya limechomoka. Linarudishwa, lakini nataka hawa waone kwanza linavyokaa kwenye fuvu."

"Mama, kugusa fungu lisilo lako kunahitaji kibali cha kikao," alisema Katibu kwa huzuni ya kweli. "Na kikao..."

Wote wakamtazama Mwenyekiti. "Aaa," alisema Mwenyekiti. Akalinyakua taya mezani, karatasi za hotuba zikatawanyika sakafuni, akalitia mkononi mwa Mama Mifupa.

Katibu aliandika: *Mwenyekiti ametoa akiba ya dharura.*

Kilichofuata hakikuamriwa na mtu. Wa mguu walileta mguu, wa fuvu wakaleta fuvu. Waya na bandeji zikatembea, na Mwalimu Mkimya akasimama tena kwenye chuma chake, kando ya Mwenyekiti aliyeketi. Mama Mifupa akaanza kuonyesha kiungo kilivyo.

"Samahani," alisema Katibu. "Mgonjwa sasa ni rasilimali. Chuo kimoja hakiruhusiwi kuitumia peke yake. Napendekeza dakika tatu kwa kila chuo."

Wakapanga foleni. Mia tatu wasingeweza kupita wote, kila chuo kikatoa wawakilishi, nao wakabonyeza chini ya masikio ya Mwenyekiti, kulia na kushoto, wakilinganisha na kiunzi. Mwenyekiti alitumika kwa pamoja, kwa usawa, kwa dakika ishirini na moja.

"Mla cha mwenzie na chake huliwa," alinong'ona mtu nyuma.

Mwisho Mama Mifupa alimwita mtoto wa dada yake. Binti alifunga vidole gumba vyake kwa bandeji.

"Kwenye magego. Sukuma chini kwanza, halafu nyuma. Usiogope, huyu ni mfupa kama mwingine."

*Ko.* Mdomo ukafungika. Binti akaketi sakafuni akalia, na shangazi wa mtu mwingine kabisa akampa leso.

Mama Mifupa alimzungushia Mwenyekiti bandeji kidevuni mpaka utosini, akaikaza. "Wiki mbili, Mheshimiwa. Usifumbue kinywa kusema neno, la sivyo litachomoka tena."

Katibu alikohoa. "Mheshimiwa, mifupa igawanywe tena kama ilivyokuwa?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali.

Katibu alifungua kanuni. "Ishara haikubaliwi, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akachomoa kalamu.

"Wala maandishi."

Mwenyekiti akakohoa, kwa maumivu makubwa. Katibu alisoma kanuni ya nne mpaka mwisho, akafunga daftari, akasema mambo yote yatabaki yalivyo mpaka kikao kijacho.

Mama Mifupa na mtoto wa dada yake walikisukuma kiunzi kwenye korido, kurudi maabara. Mtihani ulikuwa baada ya siku kumi.