Siku Njema ya Kukabidhi Programu

Jumatatu, 3 Novemba
Kikao cha makadirio. Mteja ana maduka ya chai ya maziwa hapa Taipei, anataka programu ya kupokea oda. Bi Kung, jirani yangu wa dawati, kapiga hesabu zake: hadi Juni. Juni! Nikasema wiki sita. Nimezitoa wapi, sijui. Bi Kung akauliza kama wiki zangu zina Jumapili mbilimbili. Watu wakacheka. Mimi sicheki. Harusi yangu ni Desemba, na mchumba wangu Hsin-ju alishaniambia: ukiahirisha tena, kaoe hiyo kompyuta yako. Lazima kazi iishe kabla.

Jumatano, 5 Novemba
Ujanja umepatikana! Bosi wetu, Meneja Fang, hahamishi hata kiti bila kutazama kalenda ya siku njema. Nimemnong'oneza kwamba tuchague kwanza siku njema ya kukabidhi, kazi itajibana humo humo. Akanipiga bega, akasema Lai mdogo, kumbe una kichwa! Bi Kung kanuna. Nimetoka kifua mbele.

Ijumaa, 7 Novemba
Kalenda imesema: siku njema kupita zote ni Jumamosi, 20 Desemba. Makofi! Nikapiga na mimi, kwa nguvu. Kwenye lifti nikapigwa na bumbuwazi. Hiyo ni siku ya harusi yangu! Mama mkwe naye aliitoa kwenye kalenda hiyo hiyo. Nikarudi mbio kwa bosi. Akasema hongera, baraka juu ya baraka, na asubuhi hiyo wote tuwe kwa mteja. Bi Kung akaniambia kwamba kwa makadirio yake, siku hiyo ningekuwa huru kabisa. Nimelifikiria hadi kichwa kinauma. Kazi ndefu, halafu uhuru? Sielewi.

Alhamisi, 18 Desemba
Programu inapokea oda ya chai moja, kisha inazimika. Naogopa. Nampenda Hsin-ju. Bi Kung kaniambia, kaka, nenda ukaoe, nitakushikia zamu, ila mwambie bosi ukweli kwamba hatujafika hata nusu. Ana wivu huyu. Nimekataa.

Nimempigia Hsin-ju mwenyewe. Nimemweleza kwamba nitapita kwa mteja dakika ishirini tu, supu ya karamu ya harusi ikifika mezani na mimi nimefika. Akauliza dakika hizo nimezitoa wapi. Nikamwambia nimekadiria.

Amekata simu. Nadhani ameridhika.