Mrushaji wa Nane

Jumanne, 3 Septemba

Msimu wa mpira wa Kimarekani unaanza, mechi ya kwanza ni Jumapili. Kocha Mazurek kaniambia leo kwamba mrushaji wetu, yule anayeanzisha kila shambulio, atakuwa Curt. Curt! Ana miaka thelathini na minane. Akirusha mpira, ndege wanaupita. Akikimbia, naweza kumsindikiza na kikombe cha kahawa mkononi na kisimwagike.

Na kijana wangu Tavion? Akae benchi. Mwaka mzima. Eti ajifunze.

Nikamuuliza Kocha: nani alimchagua Tavion mwezi wa nne, siku ya kuchagua vijana wa vyuoni? Mimi. Nani alitoa wazuiaji wawili wa upande wa kushoto, watu wanene kama friji wanaomkinga mrushaji, ili wenzetu watupishe kwenye foleni ya kuchagua tumpate yeye? Mimi. Nani mwenye timu ya Nyundo za Port Hadley? Mimi. Kocha kasema nusu ni yako, bosi, nusu ya dada yako. Akaondoka. Ningemfukuza, ila Verna kasema nikifukuza na huyu, wa sita, timu itafundishwa na mkata nyasi.

Verna ndiye dada yangu mdogo. Kasoma. Mwezi wa nne aliniambia mbele ya wakili: "Orville, warushaji saba umeshawaharibu. Huyu wa nane akiharibika, huchagui tena mrushaji mpaka unaingia kaburini." Nikasaini. Sikuwa na miwani, lakini nilisaini. Mwanamume haogopi karatasi.

Eti nimewaharibu! Wa kwanza aliharibiwa na baridi. Wa pili na wa tatu waliharibiana wenyewe. Wa nne alikuwa mwoga, akisikia kishindo anageuka nyuma. Wa tano nilimwacha aende, sasa ana vikombe viwili huko kusini. Bahati tu. Wa sita na wa saba siwakumbuki vizuri, hawakukaa sana.

Kosa langu nalijua. Wote niliwaingiza uwanjani mwezi wa kwanza wa msimu. Ningewaingiza siku ya kwanza!

Mvumilivu hula mbivu, Verna hupenda kusema. Mimi nimeuza soseji miaka hamsini. Kitu kikikaa kinanuka. Hilo chuoni hawafundishi.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepata! Imenijia nikiwa bafuni. Akili yangu hufanya kazi vizuri ikiwa na sabuni.

Curt siwezi kumtoa kwa nguvu, mji mzima unampenda. Lazima aondoke mwenyewe, tena akicheka. Sasa, shujaa wa timu akistaafu, tunatundika shati lake ukutani pale uwanjani, na namba yake haivaliwi na mtu tena milele. Sawa. Lakini ni wapi palipoandikwa kwamba lazima astaafu kwanza yeye ndipo istaafu namba? Kesho nastaafisha namba kumi na mbili. Jumapili Curt atavaa nini? Hakuna shati, hakuna mechi. Tavion anaingia!

Kombe hatujalishika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ila kwa kustaafisha namba, hakuna timu inayotufikia.

Nimemwambia Bernadine, anayetunza jezi zetu, anitengenezee kumi na mbili kubwa ya ukutani. Kashika kifua. "Mungu wangu, Curt amekufa?" Nikamwambia hajafa. Akauliza, mwenyewe anajua? Nikamwambia hii ni zawadi, na zawadi haitangazwi. Kaniangalia kama mtu anayenusa maziwa.

Nimenunua pia kochi la ngozi, la kujilaza, lina kitufe cha kuinua miguu. Mtu akilikalia kochi lile hatamani tena kazi. Mimi mwenyewe nimelijaribu dukani, wameniamsha wakati wa kufunga.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo karamu ya kufungua msimu. Uwanja wa magari wote moshi. Soseji zangu, kabichi, bia. Nimehutubia bila karatasi. Mimi na karatasi hatuelewani. Nimesema Curt ni baba wa timu, Curt ni nguzo, Curt ametumikia vya kutosha. Hilo la mwisho nimelirudia mara kadhaa. Kamba ikavutwa, kumi na mbili ikapanda ukutani. Watu wakalia. Curt akalia. Hata Verna! Kanishika bega, kasema kumbe una moyo, kaka.

Kisha Curt akachukua kipaza sauti. Kasema siri: alipanga kuacha mpira mwezi wa kumi na mbili, mke wake ameshapaka rangi chumba cha kupumzikia. Nikaanza kutabasamu. Lakini kwa upendo huu, kasema, kwa heshima hii aliyonipa Mzee Orville, siwezi. "Ndugu zangu, nawapa miaka mitatu mingine!"

Looo! Makelele yale! Na mimi nikapiga makofi, maana kamera ilikuwa usoni kwangu.

Kochi kaondoka nalo. Kapakiwa nalo kwenye pikapu, amekaa humo humo, anapunga mkono kama mfalme.

Si kitu. Bado hana namba.

Ijumaa, 6 Septemba

Asubuhi chumba cha jezi. Nimewahi mapema nisikose uhondo. Sheria ya ligi: mrushaji avae namba moja hadi kumi na tisa, basi. Bernadine akamwambia Curt kwamba humo hamna iliyobaki. Moja ni ya marehemu baba yetu. Nne ya mjomba. Tisa ya yule mbwa aliyekuwa akiitangulia timu uwanjani (siku ile nililia mimi). Nyingine ziko ukutani kwa hili na lile, na zilizobaki wanazivaa wapiga mateke na wadakaji. Curt akainamisha kichwa. Mimi nikatazama dari, nikapiga mluzi kidogo.

Tavion akanyoosha mkono!

Akavua shati lake, kumi na sita, akalikunja vizuri, akampa Curt. Kasema bibi yake huko Louisiana kamfundisha kwamba mkubwa akikosa kiti, mdogo anasimama. Timu nzima ikashangilia. Curt kamkumbatia mpaka miguu ikaning'inia. Kocha Mazurek kafuta macho, kaniambia, bosi, kijana huyu umechagua vizuri. Nilitaka kumng'ata.

Sasa Curt ana namba na Tavion hana! Hata benchi haruhusiwi kukaa! Nimemvuta pembeni, nimemwambia adabu ni ya kanisani, uwanjani ni kunyang'anyana. Kajibu, "Ndiyo, mzee." Kila kitu ndiyo mzee. Ana mkono wa kutoboa ukuta na moyo wa mtoto wa kwaya.

Sirudi nyuma. Orville Stupka hana gia ya kurudi nyuma.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimepanda ngazi mwenyewe. Nimekwenda kuitoa ukutani namba moja, ya baba, nimpe Tavion. Wafanyakazi wote walikataa kuigusa, wanamwogopa Verna. Kupanda nilipanda vizuri sana. Kushuka, magoti yakagoma. Nikabaki huko juu na shati la marehemu shingoni, upepo wa ziwani unanipepea kama nguo ya kuanikwa.

Akaja nani? Verna.

"Orville! Umemvua baba shati?"

Nikamwambia baba mwenyewe angelitoa. Kasema baba alikuwa mkata soseji, hajawahi kurusha hata mkate. Nikamwambia basi afadhali livaliwe na mtu anayejua kurusha. Kanitukana kwa Kipolandi, maneno ya mama. Lakini ngazi kaishika. Akanishusha hatua kwa hatua, wewe mguu wa kushoto, wa kushoto huo, mpumbavu wewe.

Tulipofika chini kaniuliza kwa upole, jambo ambalo silipendi. Haraka ya nini, kaka? Mtoto ana miaka ishirini na mbili. Akae, atazame, akomae.

Nikamwambia yeye ana ishirini na mbili. Mimi nina sabini na tisa.

Verna kapangusa vumbi kwenye shati la baba, kanipa. Kasema avae, lakini akae benchi. "Benchi, Orville." Nikasema benchi.

Jumapili, 8 Septemba

USHINDI! Naandika haraka kabla ya mechi.

Curt kalala kwenye kochi langu usiku tatu mfululizo. Eti tamu kuliko kitanda. Leo asubuhi mgongo umekataa kunyooka. Wamemwingiza chumba cha daktari amekunjika hivyo hivyo, magoti mbele, utadhani kochi bado lipo chini yake. Hawezi kucheza. Kocha kaniangalia muda mrefu. Nikamwambia mipango, Kocha. Mipango! Tavion anaingia. Siku ya kwanza!

Baadaye.

Mpira wa kwanza. Nauandika huu ili usipotee. Tavion kashika, karudi hatua nne, kaachia. Uliruka mpaka nikadhani hautashuka. Ulishuka mikononi mwa mdakaji wetu, hatua mbili ndani ya mstari wa mwisho, pointi zetu. Uwanja ukalipuka. Nilimbusu mtu nisiyemjua. Nilimwambia Verna unaona? Unaona? Naye alikuwa amesimama, mikono kinywani.

Wa pili hakupata kuurusha. Upande wa kushoto hakukuwa na mtu. Namaanisha palikuwa na mtu, kijana mmoja mwembamba mwenye nia njema, lakini wapinzani walimpita kama mlango wa duka. Tavion chini. Akainuka. Chini. Akainuka. Nikapaza sauti, inuka, ndiyo ukomavu huo! Chini. Nyuma yangu shabiki mmoja kaanza kupiga kelele, "Stupka, nenda ukamzuilie wewe!" Wengine wakacheka. Baadaye hakuna aliyecheka. Katika robo ya tatu walimwangukia watatu kwa pamoja na hakuinuka.

Mtulinga, mfupa ule wa begani, umevunjika. Na vifundo vya mkono wa kurushia.

Nilikwenda chumba cha daktari. Alikuwa amelala, shati la baba limekatwa kwa mkasi. Nikamwambia pole, mwanangu, mpira ule wa kwanza ulikuwa mzuri sana. Kasema asante, mzee. Kisha kaniambia, bila hasira hata kidogo, "Usiku ule uliponichagua, ulimpigia bibi simu. Ulimwambia nitakaa mwaka mmoja nijifunze kwanza. Bibi alifurahi, akawapigia jirani wote."

Sikumbuki kusema hivyo. Inawezekana nilisema. Usiku wa kuchagua, mtu husema mengi.

Nilimwachia soseji kidogo. Sikujua la kufanya lingine.

Jumatatu, 9 Septemba

Verna, wakili, na ile karatasi. Safari hii nilikuwa na miwani. Ni kweli imeandikwa.

Tavion anaondoka. Timu moja ya magharibi inamtaka hivyo hivyo alivyovunjika. Wamesema atapona taratibu na atakaa misimu miwili nyuma ya mkubwa mmoja, hakuna haraka. Misimu miwili! Nikawaambia watamchachisha. Verna kasema, "Nyamaza, Orville." Kalia kidogo, si kama Alhamisi.

Nimesaini. Warushaji basi. Nimejitetea: wa nane aliharibiwa na adabu, na kochi, na upande wa kushoto. Wakili kauliza, upande wa kushoto aliutoa nani? Wakili huyu simpendi.

Verna kanionea huruma mwishoni. Kasema mengine yote bado nachagua: wapiga mateke, wadakaji, wakabaji. Na hasa wazuiaji. "Nenda ukatafute wazuiaji, kaka. Mrushaji akija huku mwakani akute ukuta mbele yake." Kanipa jina la kijana mmoja huko Iowa, Lyle Tessendorf, kilo mia na hamsini na tano, anazuia mtu kama jiwe linavyozuia maji.

Nimekubali. Nimeelewa. Ni wazuiaji. Shida yetu miaka yote hii ni wazuiaji! Mtu angeniambia mapema.

Jumamosi, 14 Septemba

Iowa. Nimelala nyumba ya wageni yenye picha za nguruwe ukutani. Kuku wa kukaanga mzuri.

Nimemwona Lyle shambani kwa baba yake. Mtu huyo! Akisimama mlangoni, chumba kinaingia giza. Karatasi ya maelekezo aliyonipa Verna ilisema nimtazame miguu, mzuiaji ni miguu. Nikamtazama miguu. Miguu mizuri. Imara. Nikaandika: miguu mizuri.

Kisha nikamtazama akipakia nyasi kavu kwenye lori. Wenzake wanabeba kila robota, furushi zito la nyasi, wawili wawili. Yeye analishika moja kwa mkono mmoja, anamwita baba yake aliye upande wa pili wa lori, na analirusha. Juu ya lori. Juu ya baba yake. Lilikwenda kuangukia uani, kuku wakatawanyika.

Nikasahau miguu.

Nikatoa mpira kwenye gari (huwa ninao). Nikamwambia hebu rusha. Kacheka, kasema mzee, mimi ni mzuiaji, tangu utoto sijawahi kurusha. Nikamwambia rusha tu, mwanangu, tujifurahishe. Ulipita juu ya paa la zizi na bado ulikuwa unapanda.

Na upana wake! Nani atamwangusha huyu? Watakuja watatu, watabaki wananing'inia kama soksi. Huyu hahitaji hata wazuiaji mbele yake! Nikitaka naweza kuwatoa hao tulionao, nipate kusogea mbele kwenye foleni ya mwezi wa nne.

Nimempigia Verna kutoka hapa hotelini. Nimemwambia nimepata mzuiaji. Kafurahi mpaka sauti ikatetemeka. Kasema, kaka, safari hii umesikia.

Hakuniuliza nitamsimamisha wapi uwanjani, na mimi sikumwambia.