Maporomoko ya Kwenye Kaseti

Alhamisi, 11 Agosti 1983, Marodoka

Wanakuja! Mwanangu Halimati ametuma salamu kutoka Mahajanga: Jumamosi atafika na watoto watatu, Jumatatu waondoke. Tangu nihamie kisiwa hiki cha Nosy Be, mwaka wa saba huu, hawajakanyaga kwangu. Naosha sahani moja, kikombe kimoja.

Wala hawaji kuniona mimi. Wanakuja kuona maporomoko. Nimejitakia. Mwezi wa pili, mvua zikimwagika, nilibeba redio kaseti hadi msituni, nikarekodi ile ngurumo, nikawapelekea pamoja na salamu zangu. Huko mtaani kwao Tanambao wameisikiliza mpaka utepe unataka kukatika.

Leo nimekwenda kutazama. Njia rahisi, nusu saa, hata mtoto aliyeanza kutembea jana angefika. Maji? Yanadondoka kama pua yenye mafua! Jirani yangu Zoubeida akacheka huku kashika goti lake bovu. Ati nimewaita watoto siku mbili barabarani waje kutazama jiwe. Mwanamke huyu ana wajukuu tisa uani. Tisa! Anawafukuza kama kuku.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimepata! Juu ya jiwe nimeziba kijito kwa vigogo vya migomba na udongo. Peke yangu, tope hadi kiunoni. Maji yanajaa. Watoto wakifika chini, navuta kigogo cha kati. Nitajuaje wamefika? Desturi ya hapa, ukiyafikia maji unavua viatu, unapiga makofi kuiomba mizimu ruhusa. Nikisikia makofi, navuta. Skuli sikuikanyaga, hizi herufi za Kurani baba alinifundisha jikoni, lakini akili ninayo.

Jumamosi, 13 Agosti

Wameshuka pantoni iliyotoka Antsahampano, ng'ambo. Koulsoum, miaka sita, kajificha nyuma ya mama yake. Hanijui. Nilipofungua mdomo akatoa kichwa, akauliza kama huyu ndiye yule Koko, bibi yake, wa kwenye kaseti. Nilitaka kumbeba. Nikaogopa atalia. Nikaenda kuangalia maji yangu.

Jumapili, 14 Agosti

Zoubeida kajialika, na sufuria lake la wali wa nazi. Nikawaambia watangulie maporomokoni, mimi naokota kuni. Halimati akauliza kuni za nini, Mama, na wali umeshaiva? Nikapanda kwa njia ya nyuma.

Nikakaa. Adhuhuri ikapita. Chini vicheko tu. Hawapigi makofi! Nikasikia mtoto anaita Koko, Koko. Nikanyamaza nisiharibu. Mbu wakanila. Alasiri, hatimaye, pa pa pa! Nikavuta. Subhanallah, ngurumo! Ikadumu kiasi cha Alhamdu moja.

Nikashuka mbio. Watoto hakuna! Halimati kaondoka nao kwenda kunitafuta. Yuko Zoubeida peke yake, karowa chapachapa. Ile pa pa pa ilikuwa yeye akikung'uta punje za wali mikononi. Sufuria limekwenda na maji. Matusi aliyonitukana siwezi kuyaandika kwa herufi hizi. Na makofi ya watoto je? Ati yeye ndiye aliyewaambia watoto wasijisumbue: maji hayapo, ruhusa mnamwomba nani?

Jumatatu, 15 Agosti

Wameondoka. Pale gatini Halimati akaniuliza: Mama, sisi siku mbili njiani, na wewe jana ulishinda wapi? Nikasema kuni. Koulsoum akanipa mkono kama anavyompa imamu.

Nimeosha sahani tano. Nimezirudisha nne kabatini. Nyumba kimya, nasikia hadi saa ya jirani.

Zoubeida kaja kudai sufuria lake, akaishia kukaa. Akaniambia Koulsoum aliniwekea nafasi mkekani mchana kutwa, kaziweka kandambili zake pale asikalie mtu. Nikaenda jikoni. Moshi ukanitoa machozi.

Nimewaza sana. Sasa nimeelewa nilipokosea: makofi. Mwakani firimbi! Na vigogo kumi.

Kaseti mpya nimesharekodi. Nimewaambia wajukuu maji yamerudi kwa kishindo, wayasikilize wenyewe. Nilipokuwa narekodi, Zoubeida alikuwa juu ya ngazi, na goti lake lile lile, anamwaga ndoo za maji kwenye bati.