Ukuta wa Vifaa vya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mama kapiga simu. Chumba cha baba cha useremala kimepata mpangaji. Kiwe kitupu ifikapo Jumatatu ijayo. Vifaa viende kwa mtoto mmoja, maana baba aliacha neno moja tu juu yavyo: visitenganishwe. Juu ya sisi watoto hakuacha neno.

Watoto tuko wawili. Dada ni seremala kama baba, kafanya naye kazi miaka ishirini, na vifaa hivyo ndivyo anavyofanyia kazi hadi leo. Mimi ni karani wa masjala. Nikishika nyundo watu husogea. Kwa hiyo mama alikuwa ananiarifu tu, kwa heshima. Nikamwambia navitaka mimi.

Akauliza vya nini. Nikasema nina gereji. Akanikumbusha sina gari. Nikamjibu ndiyo maana ina nafasi.

Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Kila nilipotokea mlangoni pa chumba kile, baba alikuwa akisema, "Mgeni kaja, mpeni kiti." Wote wanacheka, na mimi nacheka. Nikakaa kwenye kiti miaka yote hiyo. Leo ni miezi miwili tangu tumzike na bado naumia. Dada kapata ufundi. Mimi nipate basi hata misumeno.

Mama atakuja Jumapili kuona vitakaa wapi, ndipo aamue. Ninao mpango tayari. Ubao wa matundu! Ukuta mzima wa gereji, matundu safu kwa safu, kila tundu na kulabu yake, kila kulabu na kifaa chake. Masjala ya vyuma. Dada atamwonyesha mama nini? Gunia.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya ujenzi. Mbao za matundu kumbe ni aina tatu. Ya chuma, nzito kama dhambi. Ya plastiki, rangi ya machungwa. Na ya unga wa mbao ulioshindiliwa, nyembamba, ya kahawia.

Muuzaji akauliza vifaa vina uzito gani. Sijui. Ukuta ni mkavu au una unyevu? Sijui. Nikamuuliza nimekuja kununua au kufanyiwa usaili. Akasema kama sijui, nichukue ya chuma, sitajuta. Mtu akikusukumia kitu kizito ana lake jambo. Nikachukua ya kahawia. Sababu: matundu yamenyooka vizuri kuliko yote, na ninaweza kuubeba mwenyewe.

Sikuweza kuubeba mwenyewe. Upepo uliushika njiani ukanigeuza, mara mbili nikajikuta narudi dukani. Mke wangu akauliza huo mlango ni wa chumba gani.

Alhamisi, 6 Machi

Ubao umesimama! Nimeupigilia misumari ukutani, umebana barabara, hata karatasi haipiti nyuma yake. Nimejipongeza kwa chai.

Kisha kulabu. Haziingii. Hata moja. Zina mkia uliopinda ambao unatakiwa upite kwenye tundu ujishike kwa nyuma, na kwa nyuma kuna ukuta. Nimesukuma saa nzima. Mke wangu akapita na ndoo, akasema ubao unatakiwa uachane na ukuta kidogo, uwekewe fito za mbao nyuma. Hajasomea. Nikamshukuru kwa maoni.

Ufumbuzi ni wangu mwenyewe: kata mikia, bandika kulabu kwa gundi. Sina cha kukatia. Baba anacho. Nikaenda kwa mama jioni, nikasema nimekuja kupima vifaa, nikatoka na msumeno wa baba umefungwa gazetini. Ule wenye mpini uliolainika mahali pa kidole chake gumba.

Kulabu ya kwanza ilikatika kwa shida. Ya tano, msumeno ukaanza kuteleza. Ya tisa ulikuwa unasugua tu. Nadhani ulichoka. Nikaurudisha kabla mama hajapakua chakula. Kulabu tisa zimebandikwa, zinapendeza.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kapiga simu nikiwa kazini. Mtu kaharibu msumeno wa baba. Meno yote ya mbele yamelala, kana kwamba kakatia chuma. Alikuwa ameshapanda juu ya dari ya mteja alipogundua. Alikuwa analia, na dada si mtu wa kulia. Hata makaburini ni mimi niliyelia, yeye alikuwa anashika watu.

Anafikiri mama kamwazima jirani. Nikasema watu hawana haya. Nikasema hivyo kwa sauti imara kabisa.

Kashinda asubuhi nzima akinoa meno kwa tupa, moja baada ya jingine, kama baba alivyomfundisha. Roho imeniuma. Nilitaka kusema. Simu ya ofisi ikalia, nikaipokea haraka kuliko siku zote. Mchana nikaweka majalada matatu mahali pasipo pake, kosa ambalo sijafanya tangu niajiriwe.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba wa gereji. Kulabu zote tisa ziko sakafuni. Ubao wenyewe umevimba tumbo, kumbe ukuta una unyevu. Nikiwa nimeuegemea kwa mgongo kuurudisha, akaingia dada. Mama kamtuma aje aone kama nahitaji msaada. Nikasema sihitaji. Nilikuwa siwezi kusogea.

Akainama. Akaokota vile vipande vya mikia nilivyosahau kufagia. Akavigeuzageuza kiganjani, akatazama alama za meno. Nikaanza kueleza kuhusu majirani na tabia zao. Nikaishia katikati.

"Ungeniuliza tu, mdogo wangu," akasema. "Ningekukatia."

Heri angenitukana. Akang'oa ubao wangu, akaenda, akarudi na bao nene la plaiwudi lililobaki kwenye kazi yake, na keekee ya baba ya kuzungusha kwa mkono. Akapigilia fito ukutani kwanza. (Mke wangu alipita na ndoo kwa mara ya pili. Hakuna ndoo inayojazwa mara nyingi hivyo.) Kisha akapima, akatia alama, akaanza kutoboa. Tundu moja, jingine, safu kwa safu. Nilishika penseli. Saa kumi alikuwa bado anazungusha, viganja vimemtoka malengelenge. Nikamwambia apumzike. Akasema baba alikuwa akitoboa huku anahesabu kwa sauti ili asisikie maumivu ya mgongo, na kwamba mwishoni mwishoni alikuwa anasahau alipofikia na yeye anamkumbushia. Sikuwahi kulijua hilo. Nilikuwa kwenye kiti.

Alipomaliza akafuta vumbi la mbao usoni. "Chukua vifaa wewe," akasema. "Mimi nimepata siku zake, kazini pamoja naye. Nitamwambia mama."

Nikachukua ufagio, nikafagia sakafu. Baadaye, kichwa kilipotulia, nikaelewa. Amesalimu amri. Ukuta umemtisha.

Jumapili, 9 Machi

Mama kaja. Kasimama mbele ya ukuta, kapitisha mkono kwenye matundu. Kauliza nani kautengeneza. Nikasema kazi ilikuwa kubwa lakini nilijikaza kisabuni. Dada alikuwa anatazama viganja vyake.

Kisha dada akamwambia mama mimi ndiye nipewe. Mama akamuuliza atafanya kazi na nini. Dada akasema tuko mji mmoja, akihitaji kitu atakuja kuchukua. Mama akageukia kwangu: "Umesikia? Atakuja kuchukua." Nikasema nimesikia.

Nimeshinda! Mbona sioni raha.

Jumanne, 11 Machi

Vifaa vilifika jana. Vyote viko ukutani. Randa tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Patasi kwa ukubwa wake. Misumeno, nyundo, pima maji, jiriwa, keekee. Kila kimoja nimekizungushia mstari wa wino mweusi, ili kikitoka tu nafasi yake ishtaki. Chini ya kila kimoja namba. Thelathini na nane. Nimefungua daftari.

Nilipomaliza nikaleta kiti, nikakaa nikautazama. Randa kubwa bado inanuka mafuta aliyokuwa akiipaka, na jasho lake. Nikalia kama mtoto. Mke wangu akaja, akasimama nyuma yangu. Aliniwekea mkono begani mpaka nikanyamaza.

Jumamosi, 15 Machi

Dada kaja saa moja asubuhi. Kapata kazi ya milango sita, anataka randa kubwa. Kanyoosha mkono ukutani kana kwamba yuko kwake.

Nikamweleza kwa upole kwamba sasa kuna utaratibu. Nimeandaa fomu. Nakala mbili, siku tatu kabla. Hii ni kwa usalama wa vifaa, na kuna tukio la msumeno ambalo sote tunalijua. Mke wangu akatoka nje ya gereji ghafla.

Dada akaisoma fomu yote, mbele na nyuma. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema sawa. Ataazima randa kwa fundi mwingine. Jioni nikasikia kwamba randa ya kuazima ilikuwa na ulimi butu, ikachana mlango wa kwanza, na mwenye nyumba akaugawa mzigo: milango mitatu kwa dada, mitatu kwa fundi mwenye randa. Hii inaonyesha umuhimu wa kupanga mapema.

Jumapili, 16 Machi

Mama kaja bila taarifa. Nikampeleka gereji moja kwa moja, nikamwekea kiti mbele ya ukuta. Vifaa thelathini na nane, hakuna pengo hata moja. Nikamwambia hata baba mwenyewe hakuwahi kuvipanga namna hii.

Mama akatazama weee. Kisha akasema polepole:

"Kwa baba yako ukuta haukuwa unajaa. Siku zote kuna kitu kiko kazini, na vingine viko kwa dada yako. Nimeuona umejaa hivi mara moja tu. Wiki ile aliposhindwa kuamka."

Akaanza kulia. Akakigeuza kiti, akakaa ameupa ukuta mgongo. Nikamletea maji, hakuyanywa. Akauliza kwa nini dada yangu kachana mlango wa watu. Nikamweleza kuhusu fomu. Akanitazama kama anatafuta mahali pa kuanzia, akaacha. Akaomba nimsindikize barabarani.

Nimelitafakari sana. Nadhani ni vumbi. Macho yake hayavumilii vumbi. Niweke vioo mbele ya ubao, vya kuteleza, na kufuli dogo.

Jumatatu, 17 Machi

Fomu ya dada imefika! Kaileta mwenyewe mapema, kampa mke wangu mlangoni, hakuingia. Nakala mbili, mwandiko safi. Nimefurahi mno. Utaratibu ukisimama, watu huufuata.

Nimeipitia ofisini kwa kalamu nyekundu. Kifaa: randa kubwa, namba moja. Sababu: milango mitatu iliyobaki. Tarehe ya kurudisha: kazi ikiisha. Hilo ningeweza kulifumbia macho. Lakini kwenye mstari wa uhusiano wa mwombaji na mwenye kifaa, dada kaandika: "Mtoto wake."

Hapo kachanganya. Mwenye kifaa ni mimi. Alitakiwa aandike "dada".

Nimemrudishia asahihishe. Siku tatu zitaanza kuhesabiwa upya.