Wanyama wa Barafu na Birika la Chai

Jumatatu, 3 Juni

Profesa ametangaza. Mwezi ujao anapanda mlimani, kwenye barafu yenyewe, wiki mbili nzima. Sisi mafundi wa maabara tuko wawili. Atamchukua mmoja, yule atakayehesabu vizuri zaidi. Miaka tisa nahesabu wanyama wa barafu, na barafu naijua kwa picha tu! Mwenzangu Kobe (jina nimempa mimi: anahesabu mnyama mmoja, anafuta miwani, anahesabu wa pili) aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua imekatika. Unafiki mtupu. Anaitaka safari kama mimi.

Jumanne, 4 Juni

Tumegawiwa chupa zilizoganda. Yangu imetoka kishimo cha saba, yake cha nane. Dada yangu, ninayekaa kwake, aliuliza tena ni mnyama gani mwenye akili timamu anaishi juu ya barafu. Nikamweleza upya. Vumbi jeusi linatua, jua linalipasha, linajichimbia kishimo cha maji. Humo unaota ukijani, na wanyama wasioonekana kwa macho wanaula. Wengine wana taji la vinyweleo linalozunguka kama feni. Wengine wana miguu minane na wanatembea kama dubu aliyeshiba. Kishimo kikiganda, nao wanaganda. Kikiyeyuka, wanaendelea na shughuli zao. Dada akasema hao wana subira kuliko watu fulani. Sikuuliza akina nani.

Jumatano, 5 Juni

Mpango! Kuyeyusha chupa polepole kwenye jokofu ni siku nzima. Nikiharakisha, nitamaliza Kobe bado anafuta miwani. Nikaiweka yangu ubavuni mwa birika la chai. Dakika tano tu. Kumbe mlinzi wa getini alitaka kusikia habari za safari yangu, na hadithi ikanoga. Kurudi, chupa ina joto kama uji.

Hadubini inaonyesha kimya. Dubu wote chali. Hakuna aliyetikisa hata ukucha. Wanaweza kuganda miaka wakaamka, lakini joto la birika limewamaliza. Nimeketi. Nimekunywa ile chai. Haikuwa na ladha.

Alhamisi, 6 Juni

Kobe alikwenda kula. Kubandua lebo mbili na kuandika nyingine ni kazi ya dakika moja. Sasa wafu ni wa kishimo cha nane, yaani wake. Mimi nikahesabu walio hai: 341. Safi! Kobe akahesabu wake, akafuta miwani, akarudia kuhesabu. Hai hakuna, wafu 212. Akaandika hivyo hivyo bila kulalamika. Nilikaribia kumwonea huruma. Nilikaribia tu.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Profesa hakumlaumu Kobe hata kidogo. Alivuta kiti, akakaa. Akasema kishimo cha nane ndicho cha chini kabisa, mahali barafu inapozidi kuwa nyembamba, na siku hii ameiogopa miaka mingi. Akaanza kuwaandikia barua wenzake wote wanaoufuatilia mlima ule, kwamba joto limefika na wanyama wamekufa. Itatumwa saa kumi.

Nilipanga kalamu zangu. Nikazipanga tena.

Kobe akaja, akaiweka ile chupa mbele yangu taratibu. "Nane yangu ni viduara viwili, kimoja juu ya kingine," akasema. "Hii imeandikwa kwa mkupuo mmoja. Si mkono wangu, bwana."

Akatazama saa ya ukutani, akasema bado dakika arobaini, na ni afadhali Profesa alisikie jambo hili kutoka kwangu.

Nikaenda. Nikasema yote, hata birika. Profesa akaichana barua vipande vidogo vidogo. Nadhani alikuwa akifurahi na kukasirika kwa pamoja. Akauliza maji yalifikia nyuzi ngapi, kwa dakika ngapi, angalau tujifunze kinachowaua. Sikuwa nimepima. Hapo ndipo aliponitazama vibaya kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Kobe ndiye anayepanda. Nilimpa mkono wa pongezi. Akashukuru, akasema ataniletea picha. Picha!

Basi, nimekiri, nimejuta, mimi ni mtu mpya. Profesa ataniachia ufunguo wa friza wiki zote mbili, na amenionya nisiyeyushe hata chupa moja. Sawa kabisa. Lakini kuhamisha hakukutaja. Paa letu ni pana, lina jua zuri, na vumbi jeusi limejaa tele kwa muuza mkaa wa jirani. Nikigandisha barafu yangu mwenyewe kwenye friza, nikaipandisha huko juu, nikaipa vishimo na wakazi wake, nani atahangaika kupanda mlima? Jua kidogo halijawahi kumdhuru mtu.

Dada anauliza beseni lake kubwa la kufulia limekwenda wapi. Nimemwambia sijaliona.