Umri wa Katikati

Kuanzia Jumatatu, redio ya Kindu ilitangaza, hakuna raia atakayeruhusiwa kuwa na umri wake mwenyewe. Kila mtu atachukua umri wa katikati wa kundi lake, kwa faida ya umoja wa taifa.

Tangazo lilitungwa na Raia Kankolongo, mkurugenzi wa Idara ya Umri, mtu wa abakosti, ile suti ya Chama isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi hadi ndani ya mifuko. Aliwagawa watu kwa miaka kumi na mitano mitano: sifuri hadi kumi na minne, kumi na mitano hadi ishirini na tisa, na kuendelea. Jumlisha mwanzo na mwisho wa kundi, gawa kwa mbili, basi hapo ndipo ulipo. Makundi lazima yalingane, alisisitiza, maana Chama hakibagui. Hakutaja kwamba yeye alikuwa na hamsini na tisa, kwamba akifika sitini angestaafishwa, na kwamba nyumba ya serikali kando ya mto Lualaba, aliyoipenda kuliko ndugu zake, ingemtoka. Kwa hesabu mpya alikuwa na hamsini na miwili, na asingezeeka tena, kwa kuwa umri wa katikati hauna siku ya kuzaliwa.

Mambo yalikwenda vizuri. Watoto wanaonyonya, ambao sasa walikuwa na miaka saba, waliandikishwa shule, na walimu wakasifu utulivu wao. Mama mmoja wa Kibombo aliyeleta mchele sokoni Kasuku alikutwa ana umri sawa na binti yake. Karani akauliza nani amemzaa mwenzake.

"Tutaangalia nyumbani," binti akajibu.

Ndipo Kankolongo akaitwa kwa Kamishna, mkubwa wa serikali na Chama katika mkoa wote wa Maniema. Alimkuta Kabedi, mke wa Kamishna, amekalia kiti cha mumewe, na Kamishna amesimama.

"Mimi niko na miaka makumi tatu," Kabedi akasema. "Ofisi yako inasema makumi tatu na saba. Ile saba niliishi wapi?"

"Mama, ni mupaka. Makumi tatu inaingia kundi ya juu."

"Basi sogeza mupaka."

"Mama anataka ngapi?"

"Makumi mbili. Sitaki hata moja juu yake."

Kamishna akakohoa. "Umesikia. Fanya sasa, hapa hapa."

Kankolongo akapiga hesabu. Ili thelathini iwe mwisho wa kundi na ishirini katikati, kundi lianze kumi; wadogo wa chini yake wangetafutiwa lao baadaye. Kabedi akatabasamu. Linalofuata, thelathini na moja hadi hamsini na moja. Linalofuata, hamsini na mbili hadi sabini na mbili, katikati yake... Penseli ikasimama. Sitini na mbili.

"Raia Kamishna, kundi ya mwisho tunaweza kuifupisha kidogo."

"Makundi yote sawasawa. Ni weye uliandika."

"Lakini mimi nitatolewa kazini."

"Ni heshima kubwa," Kamishna akasema. "Andika tena: kila mutumishi wa serikali, mukubwa na mudogo, mwenye kupita sitini kwa hesabu mupya, aache kazi na nyumba leo leo. Watu wasiseme tunakuonea weye peke yako."

Kabedi akakumbusha kwamba ile nyumba ya mtoni ingemfaa dada yake. Kankolongo akaandika, na machozi yalikuwa karibu. Aliwachukia wote wawili, kisha akamtazama Kamishna aliyekuwa akipuliza mhuri wake.

"Swali moja tu ya hesabu. Mukubwa iko na miaka ngapi ya kweli?"

"Makumi tano na tatu. Sababu gani?"

Kankolongo akaisoma karatasi tena, polepole, akaishia kwenye kundi la hamsini na mbili hadi sabini na mbili, kisha akaisukuma mbele yake.

"Hapana kitu, mukubwa. Tia saini hapa chini."

Kamishna akatia saini, akagonga mhuri, na akaagiza isomwe redioni kabla hajamaliza chakula cha mchana.